Mkono wa Gauni wa Injini

Kabla hajaanza kuvaa glovu na barakoa, mzee huyu alikuwa fundi wa nguo, na mkewe alikuwa fundi mwenzake. Chumba kimoja, meza moja. Mume alikata, mke akashona. Mume alipiga pasi, mke akavuta kitambaa upande wa pili kisikunjike. Hadi leo mzee akisikia harufu ya pamba mbichi chini ya pasi ya moto, humwona mkewe wa siku zile, nyuzi zimemganda kwenye nywele, pini tatu mdomoni, naye bado anaongea.

Kisha zikaja nguo za dukani kwa marobota, na wateja wakayeyuka kama sabuni kwenye beseni. Mzee akajifunza kazi nyingine: kutengeneza vipande vya magari kwa kitambaa cheusi cha nyuzi za kaboni. Hulowanishwa gundi, na kikikauka huwa kigumu kama chuma na chepesi kama ganda la yai. Ili anunue pampu ya kunyonya hewa, ilibidi cherehani iuzwe. Alimuuliza mkewe.

"Uza," mama huyo akajibu, akaendelea kuosha vyombo.

Akauza. Tangu siku hiyo mama hakukanyaga chumba kile, ingawa ni hatua chache kutoka jikoni. Alisema gundi inamuumiza kichwa. Mzee, ambaye kwake kusema neno ni kama kung'oa jino, hakuuliza zaidi.

Sasa alikuwa na kazi ya dereva mmoja wa mashindano, mwanamke mwenye sauti kubwa aliyeitwa Gia. Alitaka bomba la kupeleka hewa kwenye injini, lipite kati ya betri na rejeta ya kupoza injini, mahali ambapo bomba la kiwandani halipiti. Lilikuwa na kiwiko kikali. Mzee alichonga umbo lake kwa sponji ngumu, akalipaka nta, akalivisha kitambaa. Kikakunjika kwenye kiwiko. Akarudia, kikakunjika palepale. Alikikata hanamu, kwa mshazari wa nyuzi, kama inavyotakiwa. Kilichokosekana ni mikono. Akivuta huku, kule kunalegea, na gundi haimsubiri mtu.

Gia alipofika, akaliinua lile bovu. "Baba, hili limezeeka kabla halijazaliwa! Tazama makunyanzi. Kitambaa kimebaki?"

"Cha bomba moja tu."

"Basi ita mtu akushikie. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ila usiniite mimi, mikono yangu ni ya usukani, nitakichana."

Mzee akautazama mlango wa jikoni. Kitambaa hakikumtisha. Alichoogopa ni kuita na kujibiwa "kichwa kinaniuma," maana hapo angejua kwa hakika kwamba ile meza yao imekwisha. Akaenda hata hivyo, akasimama kizingitini. Mkewe alikuwa akimenya vitunguu.

"Mama watoto."

"Abee."

"Kuna mkono wa gauni umenishinda."

Kisu kikasimama. "Gauni la nani?"

"La... gari."

"Makubwa! Gari nalo lina kwapa?"

"Lina kiwiko."

Mama akajifuta mikono taratibu. "Kichwa kikiniuma, utapika wewe."

Akaingia. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye kona ya dirishani, ambako sasa ilikaa pampu. Mzee akaona.

"Ungeniambia nisiuze," akasema.

"Ungeniuliza mara mbili." Akapokea barakoa, akaifunga. "Haya, koroga hiyo gundi. Au unasubiri nipate wajukuu wengine?"

Wakaanza. Mama alivuta kutoka ncha zote mbili, mzee akalaza kitambaa kwa brashi.

"Polepole, baba watoto! Unapaka au unapiga deki?"

Kwenye kiwiko kitambaa kikasitasita, kisha kikalala kama mkono wa gauni begani. Wakalifunga bomba ndani ya mfuko wa plastiki, pampu ikanguruma, mfuko ukashikamana nalo kama ngozi.

Kesho yake, gundi ilipokauka, walikwangua sponji yote wakabaki na bomba tupu, jeusi, linang'aa. Gia alipokuja kulichukua akalipuliza, akacheka peke yake. Lakini mama alipitisha kidole mdomoni mwa bomba, kikagota.

"Hapa pana mkunjo mdogo. Upande wako huu."

"Wako."

"Wangu? Mimi nilikuwa kiwikoni!"

"Kiwikoni nilikuwa mimi."

"Na macho ulikuwa umeyaweka wapi?"

Gia akaaga. Hakuna aliyemsikia. Akalikwapua bomba lake akaenda zake, akawaacha wameinamia meza tupu, kila mmoja anamwonyesha mwenzake kwa kidole mahali aliposhika.