Zulia la Zuhura na Mimi

Enzi zetu pale Msambweni, sweta halikuwa nguo. Nani avae sweta kwenye joto lile? Kwetu lilikuwa sufu inayongoja kufumuliwa. Bibi yetu Malka, Mbaluchi aliyefundishwa na mamake kusuka mazulia, alikuwa akienda soko la Kombani na kurudi na furushi la masweta ya mitumba yaliyokosa wateja. Mimi na dada yangu Zuhura tuliyafumua barazani, mmoja akivuta uzi, mwenzake akikunja donge, vumbi la sufu likituwasha pua mpaka chai ikamwagika kwa chafya.

Nyuzi za mtande, zile za kufungiwa mafundo, zilitandazwa chini uani na kukazwa kwa vigingi, maana watu wa bibi husukia ardhini. Zuhura alikaa kulia, mimi kushoto, magoti yakigusana. Maua ya zulia hayakuandikwa popote. Bibi alimfundisha Zuhura kuyataja: "Nyekundu mbili, nyeusi moja." Mimi nilifunga mafundo, nikakata uzi kwa kisu, nikaitikia: "Imeingia." Nisipoitikia, hataji tena. Nilitamani sana kutaja mimi, lakini bibi alikataa. "Wakitaja wawili, maua yatakuwa makengeza," alisema, huku akishindilia mafundo yetu kwa kitana chake cha chuma. Harufu ya sufu iliyochemshwa kwa rangi ilichanganyika na ya samaki wa kupaka, na watoto wa jirani walijaa uani mpaka sinia ya chakula ikakosa pa kupita.

Bibi alifariki, tukaolewa, tukazaa. Uzeeni, wote wajane, tulirudi nyumba ile ile na kukaa vile vile. Mwaka jana tulianza msala, tukakubaliana tutauswalia kwa zamu. Ulikuwa umefika nusu Zuhura alipougua. Tulimzika kabla ya Ramadhani, akaenda na maua yote kichwani.

Mjukuu wangu Nadia, anayefanya kazi hotelini Diani, huja Jumapili kwa tuktuk, vidole mbio kwenye simu.

"Shikamoo, bibi. Si upige picha zulia la zamani, ufuatize humo?"

"Marahaba, mwanangu. La zamani liko wapi? Yote tuliwauzia hao wageni wenu."

Alicheka, akanibusu, akaondoka. Vijana wa leo huongea kutwa na watu wa mbali, lakini mwombe akae kando yako kidogo tu, mgongo unamuuma.

Kulala peke yangu nimeshazoea. Kinachoniumiza ni ule upande wa kulia. Jana baada ya alasiri nilikaa mahali pangu, nikangoja, kana kwamba kuna mtu amekwenda kuzima jiko na sasa hivi atarudi. Uani palikuwa na kuku tu. Zamani tulikuwa tukiwafukuza watoto ili tusikizane, na sasa nasikia hata uzi ukipita kwenye mtande.

Mwisho nilijikokota mpaka mahali pake. Maua yatakuwa makengeza, najua, lakini sitaki kuuacha msala wetu umelala nusu.

"Nyekundu mbili," nilitaja.

Nikarudi kushoto, nikafunga mafundo mawili, nikayakaza vizuri.

"Imeingia," niliitikia, kisha nikasogea tena kulia.