Korongo wa Bibi Mavis

Bibi Mavis Tuckwell alipika chakula cha shule hapa kijijini mpaka alipostaafu, na hata mimi nimekua kwa viazi vyake. Hadi leo akikutana nawe njiani anakutazama kwanza tumboni, kuona kama umeshiba. Jumapili za baridi anavaa soksi mbili mbili na kofia ya marehemu mumewe, anafuatana na chama chetu cha watazama ndege hadi kwenye mabwawa. Mimi nilijiunga baada ya kumzaa Wilf, maana nyumbani niliona kuta zinanisogelea.

Tuna desturi yetu. Jioni, pale tunapoegesha magari, Mzee Desmond hutaja ndege mmoja mmoja, na aliyemwona hunyoosha mkono. Mkono mmoja hautoshi. Isipopatikana miwili, ndege huyo hakuonekana. Akifika kwa korongo wa matete, yule wa rangi ya majani makavu anayejificha kutwa nzima, mkono wa Bibi Mavis hubaki mfukoni. Wenzake wote wameshawahi kumwona. Yeye kila mara alikuwa ameinama anamimina chai.

"Mavis, ndege wa watu ulimkosea nini?" Mzee Desmond humtania.

"Labda alisoma shule yetu, akala kabichi yangu."

Anacheka. Lakini mimi hukaa naye kwenye gari tukirudi, na huwa haongei mpaka kwake.

Jumapili iliyopita barafu nyembamba ilifunika mifereji. Tulikuwa kwenye kibanda cha kujifichia tukichungulia ndege, habari ikaja kwamba mdiria, yule mvuvi mdogo wa buluu, yuko darajani. Wote wakatoka mbio bila kelele, kama watu wanaowahi choo. Wilf alikuwa amelala kifuani kwa Bibi Mavis.

"Nenda, mwanangu," akaninong'oneza. "Nikisogea tu huyu ataamka."

Niliporudi, Wilf alikuwa macho, na Bibi Mavis analia huku anacheka.

"Amepita! Hapo mbele, peupe kabisa!"

Jioni Mzee Desmond akamtaja korongo wa matete. Mkono wa Bibi Mavis ukapanda. Watu wakageuka.

"Mwingine nani?"

Basi nikauinua mkono wa Wilf, na glavu yake ya sufu. Watu wakaangua kicheko, ila Mzee Desmond.

"Mtoto hata meno hana, Mavis. Atashuhudia nini?"

"Yako si ya kununua? Mbona tunakuamini?"

Akakohoa, akasubiri watu wanyamaze. "Haya, sema. Huyo ndege alifanya nini?"

Bibi Mavis hakuharakisha. "Alitaka kuvuka mfereji kwa heshima zake, shingo mbele. Barafu ikamtelezesha. Mguu mmoja huku, mwingine kule, mara akakaa kitako. Alipoinuka akatazama kila upande, kuona kama kuna aliyemwona. Halafu akaondoka polepole, kama vile ndivyo alivyopanga."

Masharubu yakaanza kumcheza Mzee Desmond.

"Hilo halimo kwenye kitabu chochote," akasema. "Wala wewe huwezi kulitunga. Mikono miwili. Korongo wa matete, ameonekana."

Akaendelea kutaja. Tulifika kwa mdiria, tukafika kwa bata, na mkono wa Bibi Mavis ulikuwa bado uko juu. Hakuna aliyemwambia aushushe.