Sahani ya Tambi za Kijani

Kinyozi hajinyoi, hilo tumelizoea. Lakini mpishi kufa njaa jikoni kwake, tena jiko la mzungu lenye siagi na mayai, hilo watu wa mashamba ya mkonge ya Korogwe walikuwa hawajaliona mpaka Athuman Mhina alipofiwa na mkewe.

Zuena alikufa kabla ya mvua za vuli, vita ya wazungu ikiwa bado inaendelea. Baada ya hapo Athuman alipika vilevile, na meneja na mkewe wakamsifu vilevile, ila yeye mwenyewe chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Alionja chumvi kwa ncha ya ulimi, akatema. Akakonda kama ng'onda, kanzu ya kazi ikawa inaning'inia mabegani. Binti yake, Amne, akaomba ruhusa kwa mumewe kule Mkumbara akaja kumwangalia. Jioni alimpikia ugali wa muhogo na kisamvu, asubuhi akawamwagia kuku. Hofu yake hakuificha: alikwisha kumzika mama, na sasa aliona baba naye anajizika mwenyewe, kidogo kidogo.

Ndipo akaja Petro. Huyu alikuwa Mtaliani, mateka wa vita, aliyeletwa shambani kutengeneza mitambo ya mkonge. Jumapili moja mke wa meneja alikuwa na wageni, akamruhusu aingie jikoni apike chakula cha kwao. Athuman hakupenda hata kidogo, maana jiko ni lake. Lakini mateka alivua kofia mlangoni akasema, "Shikamoo, mzee," na mtu aliyekusalimu hivyo unamfukuzaje?

Petro alikanda unga kwa mayai, akausukuma, akaukata vipande virefu vyembamba. Kumbe tambi, Athuman akajisemea, afadhali; akaenda kuchukua sukari na nazi. Petro akatikisa kichwa. Alitaka kitunguu saumu, korosho, jibini, mafuta ya ufuta na majani fulani ambayo jina lake hakulijua kwa Kiswahili. Athuman akamletea kivumbasi. Petro akakinusa, akakirudisha, akatoka mwenyewe. Alirudi na kofia imejaa rihani.

Athuman aliduwaa. Rihani ni ya bibi harusi na ya maiti, haiingii chunguni. Na huyu bwana alikuwa anaisukumiza kwenye kinu, mbichi, juu ya kitunguu saumu!

"Twanga, mzee," Petro alisema, akampa mchi.

Akatwanga. Harufu ilipopanda, Zuena alimjia mzimamzima, Zuena wa siku ya harusi, rihani kwenye nywele. Machozi yakamlenga, akasingizia kitunguu saumu, ambacho tangu dunia iumbwe hakijamliza mtu.

Tambi zilipoiva zilimwagiwa maji baridi, zikachujwa, zikachanganywa na ule uji wa kijani na nyanya zilizokatwakatwa. Hakuna aliyezirudisha motoni. Wageni walipokwisha kupelekewa, Petro alipakua zilizobaki akamsogezea Athuman. Athuman alikusudia kuonja chumvi tu. Akaonja. Akaonja tena. Alipokuja kushtuka, kijiko kilikuwa kinakwangua sahani tupu.

Akaona aibu, hakujua ya nini. "Majani haya umeyatoa wapi?" aliuliza.

Petro hakuwa na maneno ya kueleza, akamshika mkono akampeleka. Walipita nyuma ya kiwanda, wakauacha mkonge upande wa kulia, wakashika kijia ambacho Athuman hupita kila Ijumaa na kopo la maji.

Mrihani ulikuwa umekatwa ncha zote. Chini yake palikuwa na tuta la udongo lisilo na jiwe wala jina, na Petro, mgeni wa watu, alikuwa ameona mboga iliyomwagiliwa vizuri, basi.

"Nzuri," alisema, akitabasamu.

Athuman alikaa chini. "Mke wangu," alisema, akiligusa tuta.

Petro aliruka nyuma kama aliyekanyaga nyoka, akajiziba mdomo kwa mkono.

Amne alikuwa uani na ungo wa kisamvu baba yake alipoingia, uso umempauka.

"Mwanangu, nimefanya jambo baya," Athuman alisema, akamweleza yote: rihani, kinu, sahani, kaburi. "Nimekula kaburi la mama yako. Nifunge? Nitoe sadaka? Niambie, mimi akili imeniruka." Alingoja binti amlaani Mtaliani, kwa sababu yeye mwenyewe alitaka kumlaani akashindwa.

Amne alimkodolea macho.

"Ulikula, baba?"

"Nilikula."

"Ukameza?"

"Sahani nzima. Mungu anisamehe."

Ungo ulimponyoka, kisamvu kikamwagika mavumbini. Akajifunika uso kwa khanga akalia kwa sauti, na Athuman, aliyekuwa na hakika kwamba amemvunja moyo mwanawe, hakuelewa kwa nini katikati ya kilio kile alikuwa anasema alhamdulillahi, alhamdulillahi.