Uyoga Ulionuka Nyuma ya Jiko

Mama yangu nusura afe kwa sababu ya pua yangu, na sitaki mtu aniambie vingine.

Tulikuwa tunakaa karibu na Dagoretti Corner. Nyuma ya jiko mama alipanda mboga za sukuma, akazitilia mbolea aliyoagiza kutoka machinjioni Dagoretti: samadi, vipande vya mifupa, sijui na uchafu gani mwingine. Mvua iliponyesha, uyoga ukachomoza humo. Si ule wanaoula kwetu magharibi. Huu ulikuwa mrefu, teketeke, kichwani umejaa ute wa rangi ya kinyesi na nzi juu yake. Ulinuka mzoga. Nilifungua dirisha nikataka kutapika, na siku hiyo wenzangu wa ofisini walikuwa wanakuja kula mchana.

"Mama, ng'oa hiyo kitu. Ng'oa yote, wageni wako njiani."

"Hiyo haina shida, mwanangu. Haiumi mtu."

"Inanuka, mama. Tafadhali."

Akachimba kwa mikono. Aliporudi, kidole kilikuwa kinavuja damu. Kipande cha mfupa kilikuwa kimemdunga. Mimi nikaziba pua. Nikamwambia akanawe kwenye mfereji wa maji wa nje, asiniletee ule uvundo jikoni. Kidole chenyewe sikukiangalia mara mbili.

Baada ya wiki moja hivi, chai ya asubuhi ilimmwagikia kifuani. Taya lilikuwa limekaza. Hospitalini muuguzi aliniuliza kama alidungwa sindano ya pepopunda siku aliyoumia. Nikamwambia nilimtuma akanawe tu. Akanieleza kwamba bakteria wake huishi kwenye udongo na samadi, haonekani, hana harufu yoyote. Nilikaa kwenye benchi nikijisikia mchafu kuliko ile mbolea. Uyoga uliotaka kunitapisha haukuwa umemdhuru mtu, kama mama alivyosema. Kile kilichokuwa kinamuua kilipita mbele ya macho yangu, ndani ya kidole chake, na sikukunja hata uso. Uso nilimkunjia yeye.

Alilala wodini wiki nyingi. Mlango ukigongwa tu, mwili wake wote ulikakamaa. Siku taya lilipolegea nilimwinamia, nikingoja anilaumu. Nilitaka anilaumu.

Alimeza mate kwa shida, akaniuliza, "Wale wageni wako, walisikia harufu?"