Mausi ya Mke Wangu

Miezi minne baada ya kumzika mke wangu, nilikubali kuuza kompyuta ya steshenari yetu pale Omurushaka. Mnunuzi alikuwa binti wa Bugene anayefungua duka lake, na alishanionya kwamba hatoi hela yake kwa uchafu. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Nikatafuta spiriti, mswaki na pamba, nikajifungia ndani.

Mimi na mke wangu tuligawana kazi tangu siku ya kwanza. Yeye alichapa barua za maombi, mikataba ya mashamba, kadi za michango ya harusi. Mimi nilikaa mlangoni kubishana na wateja. Kompyuta sikuigusa, alisema vidole vyangu vimezoea kuchuma kahawa, vitang'oa vitufe.

Nilianza na mausi kwa kuwa ni ndogo. Kitufe cha kushoto kilikuwa kimelika hadi kinang'aa. Ubavuni, pale alipozoea kuegesha dole gumba, kulikuwa na doa jeusi la jasho na vumbi la barabarani, lenye umbo lile lile la dole. Nililisugua likatoka. Nikajisifu hata. Nikakwangua utando kwenye gurudumu na kwenye vimiguu vya chini, kisha nikarudia yote upya, maana kazi yangu mwenyewe siiamini mara moja.

Ikafuata kibodi. Niling'oa vitufe kimoja kimoja, nikavihesabu, nikavihesabu tena. Nikaifudikiza juu ya gazeti na kuipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Likadondoka vumbi, zikadondoka pini za stepla, na miguu ya senene, wale panzi wa kukaanga.

Miaka yote nilimkataza kula senene pale mezani. Kila msimu nilimkuta anatafuna, nikimuuliza anasema karanga. Siku moja nikamwambia karanga haina harufu ile.

"Kwani kibodi imekuja kukushtakia?" alinijibu, wala hakuacha kuchapa.

Sasa ilikuwa imeshtaki. Nilihesabu miguu kumi na saba. Niliporudia nikapata kumi na minane. Nikacheka peke yangu, na kicheko kikanigeukia katikati.

Ndipo nikakumbuka lile doa. Nikaichukua mausi hadi dirishani, nikaigeuza huku na huku. Safi kabisa. Nikarudi kwenye ndoo ya taka, nikapekua pamba. Zote zilikuwa nyeusi, na sikujua ni ipi iliyofuta dole lake.

Binti alikuja alasiri. Shikamoo, marahaba, akanipa pole tena. Akaiwasha kompyuta, akachapa mistari miwili, akaridhika. Bei tulishaelewana. Nikamwambia mausi haimo.

Akatabasamu, akidhani namfanyia ujanja wa sokoni. "Baba, unataka kuniuzia mara mbili?"

Nikamwambia hapana, nitavuka barabara sasa hivi nimnunulie mpya, tena ya kuchagua mwenyewe. Tabasamu likaisha. Akaikodolea macho ile mausi kuukuu mkononi mwangu kama mtu aliyeona kasoro kwenye mzani.

"Unatoa mpya, unabaki na ya zamani. Kwani ina nini?"

Nikaiweka mfukoni.

"Haina kitu tena, mwanangu," nikamwambia. "Nimeisafisha."