Bingwa wa Kubeba Maji

Mtaani wanamwita Bingwa. Bingwa wa nini, wanajua wao. Mdogo wangu ameendesha baiskeli za mashindano kwa mshahara zaidi ya miaka kumi, na hajawahi kushinda hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kurudi nyuma kwenye gari la timu, kujisheheneza chupa za maji mgongoni ndani ya fulana, kisha kukanyaga mpaka mbele kumnywesha kiongozi wao. Mtumishi, basi. Lakini akija nyumbani sasa! Miguu kainyoa, kaipaka mafuta kuliko bibi harusi, na dirisha lisifunguliwe, eti atapata mafua. Chakula mkewe alimpimia kwenye mizani.

Mama hakuwahi kumwona mbioni. Mwaka ule mbio zikapangwa kupita barabara yetu, na mama, ambaye miguu ilishamgomea, akasema hataki kingine duniani, amwone tu mwanawe kazini. Bingwa akapiga simu kutueleza desturi yao: mwenzao akipita kwao, kundi zima linapunguza mwendo, yeye anatangulia, anashuka, anasalimia watu wake, kisha anajiunga nao. Hakuna anayemkimbia, naye hamkimbii mtu.

"Mwambie mama akae mbele ya duka la vioo," akasema. "Nitasimama."

Tukambeba mama na kiti chake. Alikaa juani tangu asubuhi, mwavuli kaukataa, usije ukamziba asione.

Kweli, kundi likampisha. Nikamwona anakuja peke yake, watu wanapiga makofi, na hapo akili ikamruka. Maisha yake yote hajawahi kuona barabara tupu mbele yake. Akainamisha kichwa, akakanyaga, akatupita vuu! Hata jicho hakututupia. Alidhani amewatoroka. Amewatoroka watu waliokuwa wanakula ndizi na kupiga soga! Nilimchukia siku ile, nasema kweli. Mama akaendelea kuangalia kule walikokuwa wanatokea wengine, nami sikuwa na moyo wa kumwambia kitu.

Wenzake walipoona hasimami, walimfuata kwa hasira. Hata mji hajaumaliza, walishammeza, na hakuna aliyempa tone la maji mpaka mwisho. Kiongozi wake hakumsemesha tena. Msimu uliofuata timu haikumwita, wala timu nyingine yoyote.

Lakini jioni ya siku ile ile akaja nyumbani, fulana ya timu bado mwilini, kifua mbele. Akapiga magoti kando ya kiti cha mama, akamuuliza kama alimwona alivyokuwa akiongoza.

"Wewe sikukuona, mwanangu," mama akasema. "Alipita mmoja mbele, mbio kama mwizi. Nikasema huyu si wangu, wangu atasimama. Nikakusubiri mpaka wakaja kufagia barabara."