Kindly, Neno Alilolipenda Baba

Harufu ya gundi ya unga wa ngano hunirudisha utotoni hata kama sitaki. Juzi tu, pale Spine Road, Kayole, jamaa mmoja alikuwa akibandika tangazo la mganga kwenye nguzo ya stima, ndoo ya gundi iko miguuni pake, na ile harufu ya uji uliochacha ikanifikia. Nilisimama katikati ya njia. Mama mmoja aliyebeba kabichi aliniambia nipishe au ninunue. Sikumsikia vizuri, maana tayari nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimesimama mbele ya mlango wetu, nikisoma neno la Kiingereza ambalo baba yangu alilipenda kuliko maneno mengine yote.

Neno lenyewe ni "kindly".

Baba alikuwa tarishi. Kwa zaidi ya miaka ishirini alibeba barua kutoka ofisi moja hadi nyingine katikati ya jiji, kitabu cha sahihi kwapani, viatu vimeng'arishwa hadi ungejitazama humo. Masomo yake yaliishia darasa la nne, lakini bahasha nyingi za siku zile hazikufungwa vizuri, na Baba, Mungu amsamehe, alikuwa na macho. Humo ndimo alimokutana na neno lake. Aligundua kwamba mkubwa alipotaka kitu kwa mkubwa mwenzake hakuamuru wala hakulialia, aliandika "kindly". Alituambia kwamba Kiswahili kina "tafadhali", na Kikuyu chetu kina "ndagũthaitha", lakini hayo yote mtu huyasema akiwa amepiga magoti. "Kindly," alisema, unalisema ukiwa umesimama.

Basi neno likahamia kwetu. Nikiugua, Baba alimwandikia mwalimu barua akimwomba "kindly" aniruhusu nipumzike. Mama, aliyekuwa fundi wa nguo na mwenye ulimi mwepesi, alimtania bila huruma. "Baba Shiru, kindly niletee mkasi," alikuwa akisema, macho hayatoki kwenye cherehani, nasi watoto tulikuwa tukicheka hadi chai ikatutoka puani. Baba naye alicheka, wa mwisho kabisa, kisha akaenda kuleta mkasi.

Tuliishi kwenye nyumba za safu nyuma ya Donholm, milango kumi na minne, bomba moja la maji, na kamba za nguo zilizofanya uani pawe na rangi kila Jumamosi. Majirani walimletea Baba shida zao zilizohitaji Kiingereza. Kwa kuwa mkono wake ulishaanza kutetemeka, mimi ndiye niliyekuwa mwandishi. Yeye alisema, mimi niliandika. Malipo yetu yalikuwa mandazi mawili, moja lake na moja langu. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Siku ya gundi ilikuwa Jumanne. Nilirudi kutoka shule nikamkuta mwanamume mmoja akimalizia mlango wetu kwa brashi pana. Baba alitoka na kumuuliza kulikoni.

"Niaje, mzae," yule mwanamume alisema. "Si mimi nimeandika, nimetumwa tu kubandika. Sina noma na mtu."

Tangazo lilikuwa fupi. Ploti ilikuwa imeuzwa, mwenye ploti mpya alitaka kujenga gorofa, na wapangaji wote walitakiwa, "kindly", wawe wameondoka kabla ya siku thelathini kwisha. Nilimsomea Baba mara mbili. Sura yake haikubadilika. Alichosema ni kwamba dawa ya barua ni barua.

Tuliandika Jumamosi mchana, Mama akiwa amesimamisha cherehani ili meza isitikisike. Anwani juu upande wa kulia, mada katikati, mstari chini yake kwa rula. Baba alieleza kwamba sisi ni watu wa miaka mingi pale, watoto wanasoma karibu, kuna mgonjwa mlango wa sita, na kwamba tuliomba tu miezi mitatu zaidi. Neno lake aliliweka mwanzoni na mwishoni. Mimi nilitaka liwekwe mara ya tatu, pale kwenye mgonjwa. Baba akasema neno likizidi huchosha msomaji. Nilimbembeleza hadi akakubali, na nililiandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Likumbuke neno hilo la tatu, msomaji, maana lilininyima usingizi kwa miaka.

Milango yote kumi na minne ilitia sahihi. Mama Halima, jirani yetu wa ukuta mmoja aliyeuza sukari na mchele rejareja, naye alitia, kisha akabaki amesimama mlangoni.

"Sahihi nimekupa kwa heshima yako, Baba Shiru," alisema. "Lakini dalili ya mvua ni mawingu. Hawa hawatuombi, wanatuarifu. Mimi nimepata chumba Tassia, na cha pili kando yake kiko wazi. Nimemwambia mwenye nyumba awashikie hadi Jumamosi ijayo."

Baba alimshukuru sana. Jumatatu alivaa koti lake la kazi, akanishika mkono, tukaipeleka barua wenyewe hadi ofisini kwa mwenye ploti mpya. Dada wa mapokezi aliipokea kwa mikono miwili, akagonga nakala yetu kwa muhuri wa wino wa zambarau, akatutakia siku njema. Njia nzima Baba aliutazama ule muhuri. "Shiru, wamepokea," aliniambia. "Barua ikiwa mezani, hakuna anayegusa kitu."

Hiyo haikuwa ndoto yake tu. Katika ofisi alizozitumikia maisha yake yote, ndivyo mambo yalivyokwenda: likiandikiwa barua, jambo husimama hadi lijibiwe. Hata ugomvi wa kiti ungeweza kusimama miezi minne kwa ajili ya barua moja. Baba aliamini kwamba dunia nzima ina trei ya barua zinazoingia na trei ya barua zinazotoka.

Mama aliuliza mara moja tu. "Na chumba cha Tassia?"

"Tukihama sasa," Baba alisema, "tutakuwa tumejijibu wenyewe."

Jumamosi ikapita na chumba kikachukuliwa na watu wengine. Mama Halima alihama akilia, akatuachia ndoo na nusu kilo ya sukari. Milango mingine ikafuata, mmoja mmoja, hadi tukabaki milango minne. Kila jioni Baba aliniuliza kama nimemwona mtu yeyote mwenye bahasha.

Tingatinga lilikuja asubuhi ya siku ya thelathini na moja. Baba alitoka na koti lake na nakala yenye muhuri, akamwendea msimamizi aliyevaa kofia ya manjano. Na msimamizi, nataka ujue hili, hakumtukana wala hakumsukuma. Aliichukua karatasi akaisoma. Niliiona midomo yake ikifuata mistari hadi mwisho.

"Mzee, hii barua imeandikwa vizuri sana," alisema. "Nani ameandika?"

Baba alininyooshea kidole. Alijivuna, jamani. Hata wakati ule alijivuna.

"Hongera, msichana," msimamizi alisema, akamrudishia karatasi. "Sasa, mzee, kindly songa pembeni, mashine isikuumize."

Mama alikuwa ameshatoa magodoro na vyombo. Kilichobaki ndani ni cherehani, cha chuma cha zamani na meza yake, na hakikuweza kubebwa na mtu mmoja. Alimwita Baba mara mbili. Baba alikuwa bado anamfuata msimamizi huku na huku, amemshikia karatasi, anamwonyesha muhuri. Mimi nilikimbia, lakini nilikuwa mdogo na Mama alinishika nguo akanivuta nyuma. Ukuta ulianguka ndani. Vumbi lilipotua, gurudumu la cherehani lilionekana, na sehemu iliyobaki haikustahili hata kuchimbuliwa.

Tulihamia chumba kimoja Kayole. Mama alianza kufua nguo za watu Donholm, mtaa uleule ambao zamani ulimletea magauni ya kushona, na vidole vyake vikapasuka kwa sabuni. Hakushona tena hadi alipofariki. Hakumlaumu Baba hata siku moja, na naona kheri angemlaumu. Baba aliacha kuandika barua. Na neno lile halikusikika tena nyumbani kwetu, hata kwa mzaha.

Mimi nilijua kosa ni la nani. Ni langu, na lile neno langu la tatu. Niliamini kwamba mtu fulani aliifungua barua yetu, akalikuta neno limezidi, akachoka, akaitupa kabla ya kufika mwisho. Mtoto hana hesabu nyingine. Nilikisoma Kiingereza kwa hasira, nikakishinda, na ndicho kilichonipa kazi niliyo nayo leo: naandika matangazo na barua katika ofisi inayosimamia nyumba za kupangisha.

Mle ofisini kuna kamusi nene ya historia ya maneno, na siku moja nililitafuta neno la Baba. Nilikuta kwamba hapo kale lilimaanisha "kwa asili", jinsi damu inavyoitendea damu, na kwamba lina undugu na neno "kin", yaani ukoo. Baadaye likawa "kwa moyo mwema". Karne zikapita likapungua hadi kuwa "tafadhali" ya barua. Na siku hizi, kamusi inasema kwa upole, mara nyingi huashiria kwamba msemaji amekasirika. Sikuhitaji kamusi kwa hilo la mwisho. Simu yangu imejaa: maji yatakatwa, kindly, lango litafungwa mapema, kindly, hamisheni gari, kindly. Mengine nimeyaandika mwenyewe. Wakati Baba alipolipenda lilikuwa limeshaondoka kwao zamani, na yeye alilipokea kama mgeni wa heshima.

Ila hilo silo nililochelewa kulielewa. Wapangaji wetu nao huandika. Barua zao hufika kwenye meza yangu, na nyingine, naijua miandiko, zimeandikwa na watoto. Nazisoma zote. Nazisoma hadi mwisho, nyingine mara mbili, na kuna siku nimekwenda msalani kulia. Kisha nagonga muhuri, naweka kwenye faili, na tarehe ya kuhama inabaki ileile, kwa sababu tarehe hupangwa na watu wasioletewa barua. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba barua yetu ilisomwa. Ilisomwa na mtu asiyekuwa mbaya, labda ikampendeza, na neno langu la tatu halikumchosha hata kidogo.

Jumapili iliyopita nilikwenda kumwona Baba. Macho yake yamefifia, na siku hizi huniuliza mambo ghafla, bila utangulizi. Nilikuwa namkorogea chai.

"Shiru," alisema, "huko ofisini kwenu, watu wakiandika barua, husomwa?"

Nilikoroga ile chai kwa muda mrefu.

"Hazisomwi, Baba," nilimwambia. "Hakuna mwenye nafasi."

Alishusha pumzi, na mabega yake yakashuka pamoja nayo. "Nilijua," alisema. "Wangeisoma ile yetu, wasingebomoa."

Nilimwekea kikombe mkononi, nikamwambia ni kweli, wasingebomoa.